Mbolea ya Farasi kutoka Iringa

Jumatatu, 3 Septemba 1956. Mbeya.

Bwana Shamba Anania amepita bondeni asubuhi kutazama vipande vya bustani. Kwenye kipande chetu amesimama muda mrefu kuliko kwa wengine. Mwanzo nilidhani amependezwa. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama ninalima au nimepumzisha ardhi. Nikamjibu kwamba naipumzisha. Akasema imepumzika vya kutosha.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa atakagua vipande vyote. Kitakachokuwa pori kitatolewa kwa mtu anayesubiri. Wanaosubiri wapo.

Kipande alikiacha marehemu mama mkwe wangu. Siku zake kilitoa mchicha wa mtaa mzima. Tangu kije mikononi mwangu kimetoa boga moja, likaibwa. Mwanahawa, mke wangu, anashikilia kwamba halikuibwa, lilioza.

Jioni nimemweleza habari ya ukaguzi. Hakupiga kelele. Amesema tu kwamba kipande cha mama yake kikienda kwa mtu mwingine, yeye na mtoto wetu Jaha watakwenda kula kwa dada yake, na mimi nitabaki hapa nile saa zangu.

Mimi ni fundi saa. Nimeelewa.

Jumatano, 5 Septemba.

Nimefikiri siku mbili. Kosa si langu, kosa ni la udongo. Unataka mbolea.

Wenzangu wote bondeni wanatumia samadi ya ng'ombe. Ndiyo maana mboga zao ni za kawaida. Kwenye maonyesho ya mwaka jana ilikuwepo kabichi ya mama mmoja wa Kizungu, mlowezi, ambayo mtu mmoja hakuweza kuibeba vizuri. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba aliilisha mavi ya farasi. Nimelipima jambo hili kwa akili. Ng'ombe hutembea. Farasi hukimbia. Nguvu ile lazima inatoka mahali, na ikishatoka lazima iangukie mahali.

Tatizo ni farasi. Mbeya farasi ninayemwona kila siku ni yule wa kwenye kalenda dukani. Lakini dada yangu Mwanakhamisi wa Iringa aliwahi kuniambia yuko Mzungu njia ya Tosamaganga mwenye farasi wawili. Nitakwenda Iringa. Mwanahawa nimemwambia nakwenda kumjulia hali dada yangu. Ameniuliza kwa nini nachukua kamba.

Yunusu ameisikia safari. Yunusu husikia kila kitu. Ni fundi cherehani, cherehani yake iko baraza moja na meza yangu. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi babu yangu alitoka Uzaramo, kwa hiyo tu watani tangu siku za babu zetu kubeba mizigo njia moja. Ananitukana mbele ya wateja. Anakunywa chai yangu. Akichukua kitu changu sina ruhusa ya kukasirika, na nikikasirika nalipa kuku. Nimekwisha kulipa kuku.

Mwaka jana aliniambia mkubwa wa posta ananiita nikatengeneze saa ya ukutani. Nilivaa kanzu mpya, nikaenda, nikasubiri. Posta ile haikuwa na saa ya ukutani. Tangu siku hiyo nina kanuni moja nayo hainidanganyi: neno la mtani ni upepo, liache lipite.

Leo amesema nikifika Iringa nimsalimie farasi, maana ndiye pekee katika ukoo wangu aliyesoma. Upepo.

Ijumaa, 7 Septemba. Iringa.

Nimefika jana usiku na vumbi lote la Makambako. Dada yangu amefurahi kuniona. Yeye huuza mchele wa Usangu, unaletwa kutoka Rujewa, na magunia matupu anayo tele stooni. Nimemwomba sita. Ameuliza ya nini. Nimesema ya bidhaa. Akauliza bidhaa gani. Nikasema ya shamba. Kufikia hapo nilikuwa sijasema uongo hata mmoja, nikaona niishie hapo hapo.

Jumamosi, 8 Septemba.

Nimempata mtu wangu. Anaitwa Joachim, Mhehe, ndiye saisi wa yule Mzungu. Anawalisha farasi na kuwapiga brashi. Nikamwamkia kamwene, salamu ya kwao, akaitikia vizuri. Nikamweleza shida yangu. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akacheka, akaingia ndani, akamwita mkewe Lea ili nirudie na mbele yake.

Tumepatana. Ana saa ya kengele inayomwamsha kuwalisha farasi, nayo ilikuwa inalia adhuhuri. Nimeitengeneza. Sasa inalia alfajiri. Kunyamaza ndiyo bado haijui, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Nyuma ya zizi kuna marundo mawili. Moja ni la zamani, jeusi, limepoa, linavunjikavunjika kama udongo wa kichuguu. La pili ni la wiki hii, lina joto, asubuhi linatoa moshi kama chungu. Joachim akaenda moja kwa moja na koleo kwenye lile la zamani. Nikamzuia. Mgeni hapewi chai ya jana. Nikamwambia nataka ile yenye nguvu. Akasema ile bado ni mbichi, ina shayiri nzima nzima ndani yake, maana farasi hali kama ng'ombe, hula haraka na nusu hupita ilivyo. Nikamjibu kwamba hilo ndilo hasa nalitaka: chakula ambacho farasi hakukimaliza, kitamalizwa na vitunguu vyangu.

Hakubishana tena. Alijaza magunia sita kimya kimya. Mhehe hapotezi maneno kwa mtu aliyekwisha kuamua.

Jumapili, 9 Septemba.

Dada amejua. Punda aliyekodiwa alipofika uani, harufu ilikuwa imetangulia. Ameniuliza kama hayo ni magunia yake ya mchele. Nimekiri. Ameniuliza kama najua najisi ni nini. Nimemwambia hii si najisi ya kawaida, hii ni ya kilimo. Ameniuliza ni sheikh gani amenifundisha hivyo.

Uamuzi wake: magunia nisiyarudishe kamwe, yalale nje ya ua, na mwenye magunia alale karibu nayo yasije yakaibwa. Sidhani aliogopa wezi. Iringa mwezi huu kuna baridi, lakini nikilala nimeyaegemea magunia mgongo unapata joto zuri. Hii ni dalili ya nguvu. Lile rundo la zamani lisingenipasha.

Jumatatu, 10 Septemba. Mbeya.

Safari ya leo naiandika ilivyokuwa.

Utingo wa basi alikataa magunia. Nikamwambia ni dawa ya udongo. Akanusa, akasema udongo huo ni mgonjwa sana. Mwishowe akayapandisha juu kwenye keria, kwa masharti kwamba mtu yeyote akilalamika, mimi ndiye nitakayeelezea.

Mpaka Sao Hill palikuwa shwari. Kabla ya Makambako, mama mmoja aitwaye Paskalina, anakwenda Chimala na kuku wake, akasema basi linaungua. Moshi ulikuwa ukishuka dirishani. Dereva akasimama, watu wakaruka nje. Utingo akapanda juu, akashika gunia, akaondoa mkono haraka. Nikaanza kueleza habari za nguvu. Hakungoja nimalize. Alichukua debe la maji ya rejeta akayamwagia magunia yote.

Moto haukuwapo, kwa hiyo haukuzimika. Lakini maji yalitafuta njia. Paa la basi lile lina matundu. Kilichodondoka kilikuwa na rangi ya chai.

Abiria wakafanya baraza pale barabarani. Wengine walitaka magunia yashuke, wengine walitaka mimi nishuke. Paskalina, ambaye kuku wake nao walikuwa wameloa, akawapatanisha: magunia yabaki juu, na mwenyewe akae nayo. Nikapanda. Kutoka hapo mpaka Igawa nimekuwa juu ya keria. Pale Igawa wauza mchele waliponiona walianza kuja na vikapu vyao, upepo ukageuka, wakarudi. Chimala Paskalina alishuka, akanipungia mkono, akasema, "Baba, Mungu akujalie hivyo vitunguu, maana tumevitesekea wote."

Nimefika Mbeya salama. Magunia yamefika sita. Ningependa kuandika kwamba mambo yameishia hapo.

Stendi alikuwepo Yunusu. Magunia yaliposhushwa, akakaa juu yake kama mtu akaaye juu ya kitanda chake, akatangaza kwa stendi nzima kwamba mzigo wa Mzaramo umepita mikononi mwa Mnyamwezi tangu zamani za misafara na leo hautapita bure. Watu wakakusanyika. Nikatabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Yunusu akataka nusu. Nikamwambia anayo nguo ya kushona, hana hata mche mmoja. Akasema atapanda suruali.

Amechukua magunia matatu. Sikukasirika. Kuku amesalimika.

Akiwa anaondoka akageuka, akasema neno bila kucheka. "Mtani, hayo uliyobaki nayo usiyamwage shambani. Yafukie, yalale hata miezi miwili, yapoe. Ukiyamwaga hivi utavuna majani ya kulishia farasi."

Miezi miwili! Na ukaguzi ni tarehe ishirini na tisa. Hila yake iko wazi kama kioo cha saa. Nimecheka, nikamwambia asante.

Jumatano, 12 Septemba.

Nimemwaga yote. Jana na leo. Nimeichanganya na udongo, nikapiga matuta, nikasia mbegu za vitunguu moja kwa moja. Wenzangu huanzia kitaluni, kisha wanahamisha miche. Hiyo ni njia ya watu wenye mbolea dhaifu.

Mwanahawa amekuja kutazama. Ameshika udongo, amesema una joto. Nikamwambia ndiyo. Nimemwagilia kutoka kwenye mfereji asubuhi na jioni.

Yunusu amechimba shimo nyuma ya nyumba yake, ametia magunia yangu humo, amefunika na majani ya migomba. Amezika utajiri.

Jumatano, 19 Septemba.

Vimeota!

Havikuota kimoja kimoja kama vitu maskini. Vimeota kwa pamoja, vimenyooka, kijani kimoja, kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho, na hata katikati ya matuta, ambapo sikupanda. Wiki moja tu. Kipande cha jirani yangu Filemoni, Mbena mtaratibu, mtu wa kanisa, vitunguu vyake vya mwezi uliopita havijafika urefu huu. Nimemwita aone. Ameinama, ametazama sana, ameuliza mbegu nimepata wapi. Nikamwambia siri si mbegu. Akasema anaona.

Mchana barazani nimeahidi watu vitunguu. Nimemwahidi imamu vya pilau ya maulidi mwezi ujao. Yunusu akasema vitunguu vile nimpelekee farasi, ndiye mwenyewe. Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana aliyeshinda hucheka na walioshindwa.

Jioni Mwanahawa akarudi na jani moja kutoka shambani. Amelisugua vidoleni, amenusa, amenipa ninuse. Halina harufu ya kitunguu. Nikamweleza kwamba harufu huja baadaye, kama ndevu. Akaniomba ang'oe kidogo, asafishe japo tuta moja. Nimemkatalia kabisa. Mtu hang'oi ushindi wake.

Ijumaa, 21 Septemba.

Baada ya sala Yunusu amenishika mkono nje ya msikiti. Amesema Anania ameitwa mkutanoni Iringa wiki ijayo, kwa hiyo ukaguzi ni kesho asubuhi. Amesema nikang'oe yale majani leo leo, yeye atafunga cherehani aje anisaidie, na Filemoni amekubali kuja na jembe.

Amelisema vizuri sana. Uso umetulia, sauti ya chini. Hata ile habari ya posta aliisema hivi hivi.

Nikamwuliza kama nivae kanzu mpya. Akaachia mkono wangu. Akasema, "Leo sitanii, Isihaka." Jina langu hajawahi kulitumia, huniita Mzaramo. Kwa hiyo nikajua utani wa leo ni mkubwa.

Mwanahawa naye ameshika neno hilo hilo. Amesema twende tukang'oe, ikiwa uongo tutakuwa tumepoteza jioni moja tu. Nikamwambia ikiwa uongo nitakuwa nimeng'oa vitunguu vyangu kwa mikono yangu huku Yunusu amekaa kwenye jiwe ananitazama. Amevaa khanga yake, amekwenda bondeni peke yake. Nimemfuata, nimemrudisha. Alikuwa ameshang'oa kiasi cha ungo mmoja pale kona, mahali alipokuwa akipanda mama yake.

Jumamosi, 22 Septemba.

Bwana Shamba Anania amekuja asubuhi.

Mimi nilikuwa barazani, nina saa mkononi imefunguka. Nilipoitwa nilidhani ni sehemu ya utani. Nilimaliza kwanza skrubu mbili.

Nilipofika nimemkuta amesimama katikati ya kijani. Mbuzi wawili wa mtu walikuwa wameingia, wanakula kwa raha, na Anania hakuwafukuza. Ameniuliza nimepanda nini. Nikasema vitunguu. Ameng'oa shina moja, kwenye mzizi palikuwa bado na punje. Ameniwekea kiganjani. Shayiri. Ameng'oa jingine kando. Shayiri. Ameniambia kwamba huko Uzunguni shamba kama hili lingesifiwa, ila vipande vya bondeni ni vya mboga za watu. Vitunguu alivitafuta kwa haki. Alipata vichache chini ya yale majani, vyembamba kama uzi, vimeungua ncha. Mahali pekee palipokuwa safi ni ile kona ya Mwanahawa.

Ameandika. Kipande kimekwenda kwa aliye wa kwanza kwenye zamu, ambaye amesubiri tangu mwezi wa nne. Nimeuliza ni nani.

Ni Yunusu.

Nimerudi nyumbani. Mwanahawa alikuwa amekwisha kusikia. Amemfungia Jaha nguo kwenye kitambaa. Hakulia wala kunilaumu. Amesema kitu kimoja: "Mama alikilima kile kipande akiwa na homa." Kisha wakaenda kwa dada yake.

Nimekula wali wa jana.

Jumatatu, 24 Septemba.

Sikuzungumza na Yunusu tangu asubuhi. Kufikia adhuhuri akatangaza barazani kwamba kunyamaza ni kukasirika kulikovaa kanzu, na kwamba anataka kuku wake. Nikasema sina kuku. Ni kweli. Kuku wetu ni wa Mwanahawa.

Alasiri Mwanahawa akatokea. Amekuja na sufuria kichwani, Jaha akimfuata. Ndani mlikuwa na kuku, yule mweupe anayetaga, amepikwa kwa nazi, na nazi Mbeya si kitu cha kuchezea. Ameiweka mbele ya cherehani. Amesema, "Shemeji, kilichochukuliwa na mtani hukombolewa. Nimekuja kukomboa."

Hiyo ndiyo sheria na kila mtu anaijua. Ila kwa kawaida anayekomboa ni aliyechukuliwa kitu, yaani mimi.

Yunusu akanawa mikono. Akala bila haraka. Mimi nilipewa shingo. Alipomaliza akamtuma mtu kumwita Anania kabla hajaondoka kwenda Iringa, na mbele ya watu wote akasema hana nafasi ya kulima, ana nguo za harusi mbili, aandikwe mwanamke huyu. Anania akasema jina lolote kwake ni sawa, mradi shamba liwe shamba. Akauliza aandike mke wa Isihaka. Yunusu akasema hapana, aandike Mwanahawa, na jina la baba yake.

Kisha akamgeukia. "Kipande nakurudishia wewe, shemeji. Na yale magunia matatu shimoni ni yako, yakishapoa. Huyu Mzaramo nimemwachia mfereji, ashike maji. Akivuka mfereji, kuku mwingine."

Mwanahawa na Jaha wamelala nyumbani leo. Yaani kipande kimerudi, mke amerudi, mbolea niliyoileta kutoka Iringa iko njiani kurudi. Nikiutazama mpango wangu mwanzo mpaka mwisho, naona umefaulu. Kilichokosekana ni vitunguu tu.

Ijumaa, 28 Septemba.

Mwanahawa na Filemoni wameng'oa shayiri yote. Wameikausha, imeuzwa kwa mwenye mbuzi. Miche ya vitunguu ametoa Filemoni. Imamu ameuliza kuhusu pilau. Mimi niko ng'ambo ya mfereji, nashika maji. Kazi hii inampa mtu nafasi ya kufikiri.

Nimeona kosa liko wapi. Nilichagua mnyama mdogo. Farasi ana nguvu, lakini tumbo lake jembamba, halikuimaliza ile shayiri. Inatakiwa tumbo kubwa. Ng'ombe hutembea, farasi hukimbia, na yupo anayeng'oa miti.

Mtu wa Rujewa aliyeleta saa yake leo ameniambia kwamba upande wa Madibira tembo hupita karibu na njia, na wanachoacha ni kama vikapu. Kimelala tu pale. Hakuna anayekiokota! Nimemtengenezea saa haraka.

Jumamosi, 29 Septemba.

Nakwenda na basi la kesho alfajiri. Mwanahawa nimemwambia nakwenda kutazama bei ya mchele. Safari hii kamba nimeificha.

Yunusu amekwisha kusikia. Ameacha cherehani, amekuja kukaa mezani kwangu. Amesema mwezi huu tembo wa kule wana watoto, ni wakali, wiki iliyopita wamemtoa mtu kwenye baiskeli na baiskeli haifai tena. Amesema nisiende. Ameniita Isihaka, mara mbili.

Nimemwomba gunia. Akaenda ndani, akarudi na moja tu. Amesema mtu anayekimbia habebi mawili.

Mtani ni mtani. Nimecheka mpaka nikafika nyumbani.